Kipimo, Mizani na Geji: Neno Moja na Mizigo Yake Minne

Yako maneno ambayo wafasiri huyatumia kila siku bila kuyatilia shaka, na neno kipimo ni mojawapo. Likionekana katika maandishi ya kigeni jina la chombo cha kupimia, tunaandika kipimo. Likionekana jina la kiasi kilichopatikana, tunaandika kipimo. Kizio, kama vile kilo au mita, nacho twakiita kipimo. Na tendo lenyewe la kupima, hasa hospitalini, ni kipimo pia. Msomaji aliyezoea lugha hutambua maana kutokana na maneno yanayolizunguka. Lakini kuna mahali ambapo muktadha hautoshi, na kosa la mfasiri hulipwa kwa fedha za mtu mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi neno hilo lilivyofikia kubebeshwa mizigo minne, na jinsi mizigo hiyo inavyoweza kugawanywa. Mfano wetu ni chombo kidogo kilichoko mbele ya dereva wa lori la dizeli: geji ionyeshayo msukumo wa hewa itokayo katika tabo. Mahali petu ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Hatukupachagua ovyo. Huko pamba ndiyo zao kuu la biashara, nayo husafirishwa kwa malori. Na huko wakulima waliwahi kuufanya upimaji kuwa jambo la siasa.

Tuseme lori limebeba pamba mbegu kutoka ghala la chama cha msingi wilayani Meatu, linaelekea kiwanda cha kuchambulia pamba. Njiani mshale wa geji ya tabo unalala kwenye sifuri na hauinuki tena. Dereva anafika gereji mjini Bariadi, na fundi anafungua karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Humo ameandikiwa: "Kipimo kikiwa sifuri, kagua kipimo." Kipimo cha kwanza ni namba inayosomwa. Je, cha pili ni nini? Ni chombo kilicho kwenye dashibodi, au ni hewa inayosukumwa ndani ya injini? Akishika maana ya kwanza, atatafuta mpira uliochomoka, ambao huenda ukagharimu bei ya soda. Akishika maana ya pili, huenda akamshauri mwenye lori anunue tabo nyingine. Sentensi ni fupi, ni ya Kiswahili, na haina kosa la sarufi; lakini haimsaidii mtu.

Kibaba na mizani

Asili ya tatizo hili imo katika muundo wa neno lenyewe. Kitenzi pima kikipewa kiambishi ki- mwanzoni na irabu -o mwishoni hutupatia kipimo. Muundo huo huzaa majina ya vyombo, kama kizibo na kifuniko. Lakini huzaa vilevile majina ya matendo na matokeo yake, kama kilio na kipigo. Neno kifungo lina yote mawili: ni kitu cha kufungia shati, na ni hali ya mtu aliyefungwa gerezani. Kwa hiyo kipimo hakikupotoka njia. Kimefuata kanuni ya lugha, na kanuni hiyo ina milango miwili.

Zamani milango hiyo miwili haikuleta taabu, kwa sababu chombo na kizio vilikuwa kitu kimoja. Kibaba kilikuwa chombo cha kupimia nafaka, na kilikuwa pia kiasi cha nafaka kilichojaa humo. Vibaba vinne vikafanya pishi moja. Shubiri ilikuwa kiganja kilichonyoshwa, na ilikuwa urefu wa kiganja hicho. Neno pima lenyewe, likitumiwa kama jina, lilikuwa urefu wa mikono miwili iliyotandazwa. Mtu aliyesema "kibaba" hakuhitaji kueleza kama anataja chombo au kiasi. Ikiwa chombo kilikuwa kidogo kuliko kawaida, kila aliyekuwapo aliweza kukiona kwa macho.

Mizani ilibadili mambo. Chombo kikawa kimoja, kizio kikawa kingine: mizani ni chuma, bali ratili na kilo ni makubaliano. Kati ya hivyo viwili pakatokea kitu cha tatu, yaani namba ambayo mshale unaionyesha, na mkulima akatakiwa kuiamini. Huko Usukumani, wakati wa ukoloni, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye mizani zao, na malalamiko makubwa ya wakulima yalihusu mizani hizo. Hawakuwa na shaka juu ya uzito wa pamba yao, wala hawakuikataa ratili kama kizio. Walichokishuku ni chombo, na mtu aliyekisoma.

Kutokana na madai ya namna hiyo vyama vya wakulima vilipata nguvu. Mwaka 1952 iliundwa Lake Province Growers Association, chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambacho Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake; na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya eneo hilo viliungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Tunaitaja historia hii kwa sababu inatuonyesha jambo la lugha. Mkulima ambaye huenda hakuingia darasani alitenganisha kwa usahihi vitu vinne: pamba iliyopimwa, chombo kilichopima, kizio kilichotumika, na namba iliyotangazwa. Alivitenganisha kwa kuwa fedha yake ilipotea katika mmojawapo wa mianya iliyo kati yake. Sheria ya nchi nayo inaitambua haja hiyo, kwani tunayo Sheria ya Vipimo na Wakala wa Vipimo. Hata hivyo katika majina hayo mawili neno vipimo hubeba vyombo na vizio kwa pamoja.

Neli ya Bourdon

Uzito unaweza kukadiriwa kwa mkono, lakini msukumo wa mvuke au wa hewa iliyofungiwa hauonekani wala haushikiki. Injini za mvuke zilipoenea Ulaya, boila zilipasuka na kuua watu, na haja ya kujua hali ya mvuke ulio ndani ikawa haja ya uhai. Mwaka 1849 fundi wa Kifaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya chombo ambacho umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Ni neli bapa ya chuma iliyokunjwa mfano wa mwezi mchanga, upande mmoja imezibwa na upande wa pili imeunganishwa na mvuke au hewa. Msukumo ukizidi, neli hutaka kunyooka. Ncha yake iliyozibwa husogea kidogo, na vijigurudumu vyenye meno huukuza mwendo huo mdogo hadi mshale ukazunguka. Garimoshi za mvuke zilikuwa na vyombo vya jamii hiyo, nazo zilifika Mwanza mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilipokamilika.

Mafundi walikiita chombo hicho geji, kwa kulichukua neno la Kiingereza na kulipa matamshi ya Kiswahili. Wapo waliolishutumu neno hilo kuwa ni la mitaani. Sisi twaona kwamba lilitimiza kazi ambayo kipimo kilishindwa kuitimiza: geji ni chombo tu, na haiwezi kuwa kilo, wala namba, wala tendo.

Kwa kile kinachopimwa majina yalitawanyika. Dereva akitaka matairi yake yaangaliwe husema "nipimie upepo". Neno presha lilihamia hospitalini, hata mtu akisema ana presha hakuna anayedhani kwamba anazungumzia tairi. Vitabu vya sayansi vilileta neno kanieneo, lililounganishwa kutokana na kani na eneo, kwa kuwa jambo lenyewe ni kani igawanywayo kwa eneo. Ni neno zuri kwa darasa, kwani jina lake ndilo fasili yake. Gerejini bado ni mgeni, lakini mgeni aelezwaye vizuri hukaribishwa.

Tabo na jina lake

Mhandisi wa Kiswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo la tabo mwaka 1905. Moshi utokao katika injini bado una nguvu. Büchi alitaka nguvu hiyo izungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine lililo kwenye mhimili uleule, ambalo litasukuma hewa safi kuingia katika silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuunguzwa, na injini ileile ikatoa nguvu zaidi. Katika miaka ya 1920 meli zilianza kutumia injini za namna hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili tabo ikaenea katika malori.

Biashara ya pamba nchini ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, malori ya kila aina yalitafutwa. Mengi yalikuwa yamekwisha tumika Japani, na baadhi yake yakaja na maandishi ya Kijapani ambayo fundi hakuweza kuyasoma. Kwa hiyo fundi wa Bariadi alijifunza geji kwa umbo, kwa rangi na kwa tabia ya mshale. Na kwa kuwa hakuwa na kitabu, alijitungia lugha.

Lugha ya gereji

Mfasiri akikutana na sentensi isemayo kwamba geji imeacha kufanya kazi, huandika "haifanyi kazi" akaridhika. Fundi haridhiki. Kwake mshale waweza kuwa umelala, umeganda, unacheza, ni mvivu, au unadanganya. Na kila moja ya maneno hayo humwelekeza mahali tofauti.

Mshale uliolala haunyanyuki kutoka sifuri kwa hali yoyote. Ikiwa geji ni ya neli, fundi hufuata kimpira chembamba kitokacho kwenye bomba la kuingizia hewa hadi nyuma ya dashibodi. Huenda kimechomoka, kimepasuka, kimebanwa, au kimezibwa na oili na vumbi. Ikiwa geji ni ya umeme, huangalia fyuzi, waya wa erthi, kisha kihisi.

Mshale ulioganda hubaki juu hata injini ikizimwa. Hapo hewa imenaswa katika kimpira kilichoziba, au vijigurudumu vya ndani vimekwama. Mshale unaocheza hutetemeka kwa sababu waya au kiungio kimelegea, au kitundu chembamba cha kutuliza hewa hakipo. Mshale mvivu hupanda kwa kuchelewa, kwani kimpira kimeziba nusu au kinavuja. Mshale unaodanganya hupanda na kushuka vizuri, lakini namba yake si kweli. Mara nyingi neli ilipata msukumo uliozidi uwezo wake, ikapinda na kutorudi.

Hata hivyo, kabla ya kushika spana, fundi mzoefu huuliza swali moja: je, lori linavuta? Likipanda mlima na mzigo wake kama kawaida, bila moshi mweusi, basi tabo inafanya kazi na geji ndiyo mgonjwa. Lori likikosa nguvu, likitoa moshi mweusi na mluzi wa hewa inayovuja, basi geji inasema kweli, na ugonjwa umo katika mabomba ya hewa, katika kipozahewa, katika vali ya kupunguza msukumo, au katika tabo yenyewe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini hapa yatupasa tuwe waangalifu, kwani mara nyingine jua kweli halikuwaka.

Baada ya swali hilo huja jaribio. Kimpira huchomolewa nyuma ya geji, na geji hupewa hewa kidogo kwa pampu ya mkono, isiyozidi namba ya mwisho iliyoandikwa usoni pake. Mshale ukipanda na kushuka, geji ni nzima na kosa liko upande wa kimpira. Usipopanda, geji imekufa. Hewa ya kompresa ya kujazia matairi haifai kwa jaribio hili, kwa sababu ina msukumo mkubwa mno, na hugeuza geji nzima kuwa geji inayodanganya.

Wasomaji wetu wataona kwamba jaribio hilo si jingine ila kuutenganisha mzigo wa chombo na mzigo wa kiasi. Fundi anafanya kwa pampu kile ambacho mwanaistilahi angepaswa kufanya kwa neno.

Sifuri ipi?

Liko kosa jingine ambalo ni gumu zaidi kuonekana, nalo lahusu sifuri. Geji ya neli husoma sifuri hewa ya ndani ikilingana na hewa ya nje; hivyo inaonyesha ziada tu. Lakini vihisi vingi vya umeme huanza kuhesabu kutoka mahali pasipo na hewa kabisa. Hivyo vinaonyesha jumla. Usawa wa bahari, hewa ya nje peke yake ni takribani kilopaskali 101. Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, na hapo hewa ni takribani kilopaskali 88. Bariadi iko juu zaidi ya ziwa, na kwa hiyo namba yake ni pungufu kidogo ya hiyo.

Tuchukue sasa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi ya pwani. Kinasema kwamba swichi ikiwashwa na injini ikiwa bado imezimwa, kihisi kionyeshe 101. Fundi wa Bariadi anapima na kupata 87. Ikiwa mfasiri aliandika "kipimo sahihi ni 101" na kuishia hapo, kihisi kizima kitatupwa. Mfano mwingine ni huu: kitabu kinasema injini ikivuta mzigo ifikie 100. Ikiwa ni ziada, lori lina afya. Ikiwa ni jumla, basi huko Bariadi tabo imeongeza kilopaskali kumi na kitu tu, na lori ni gonjwa. Namba ni ileile na kizio ni kilekile; kilichokosekana ni neno moja la kutofautisha.

Sifuri ina mtego wa tatu. Injini nyingi za petroli, zikinguruma bila mzigo, huvuta hewa hata mshale ukashuka chini ya sifuri. Injini ya kawaida ya dizeli haifanyi hivyo; mshale wake hukaa karibu na sifuri, nao huinuka lori linapovuta mzigo. Lori likijaribiwa uani kwa kukanyaga mafuta tu, mshale huweza kuinuka kidogo mno, na geji nzima ikahukumiwa kuwa imekufa. Mfasiri wa kitabu cha magari ya petroli asipotaja ni injini ya aina gani, hukumu hiyo ameiandika yeye.

Mapendekezo

Tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930, na hasa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa kutafuta neno kwa ajili ya kila jambo jipya. Hapa tunaomba jambo la namna nyingine, yaani kupunguza kazi za neno moja la zamani. Lugha imekwisha kutuonyesha njia. Maneno kipimajoto, kipimahewa na kipimamvua hayachanganyi mtu, kwani irabu -a, ikifuatwa na jina la kinachopimwa, hufunga mlango mmoja na kuacha ule wa chombo peke yake. Hakuna asemaye "kipimajoto cha mgonjwa ni 39".

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaoandika maelekezo ya kazi:

Kwanza, chombo kiitwe geji, au kipimakanieneo pale ambapo maandishi ni ya kitaaluma. Neno kipimo lisitumiwe kwa chombo mahali ambapo namba yake nayo inatajwa.

Pili, kilo, bar na kilopaskali ziitwe vizio. Na tendo liitwe upimaji.

Tatu, namba isemwe wazi: "geji inaonyesha 80", si "kipimo ni 80".

Nne, kanieneo ihesabiwayo kutoka pasipo na hewa iitwe kanieneo ya jumla, na ile iliyo juu ya hewa ya nje iitwe kanieneo ya ziada. Msukumo wa tabo ni wa aina hii ya pili, na jina lake litamkumbusha msomaji sifuri iko wapi.

Tano, mfasiri asiandike "haifanyi kazi" kabla ya kujiuliza kama mshale umelala, umeganda, unacheza, ni mvivu, au unadanganya. Maneno hayo ni Kiswahili fasaha, na yana haki ya kuingia vitabuni.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, sentensi tuliyoanza nayo ingeandikwa hivi: "Geji ikionyesha sifuri wakati lori linavuta mzigo, kagua kwanza geji na kimpira chake, vikiwa vizima, kagua kanieneo ya hewa itokayo katika tabo." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini fundi aliyeisoma anajua aanzie wapi, na mwenye lori anajua kwa nini ameambiwa alipe. Mkulima wa pamba wa miaka ya 1950 aliposimama mbele ya mizani alidai uangalifu wa namna hiyohiyo, na tunaamini kwamba wasomaji wetu hawatamnyima mjukuu wake.